Geti Halibebi Kitu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia na dini, wakati ambapo serikali ilikuwa imechoka kuajiri watu wa aina yangu, na mama alikuwa ameniambia kwamba mtu akiitwa kazini mara ya kwanza huvaa vizuri. Sikumweleza kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kuchomelea vyuma katika banda la mabati kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela. Miaka hiyo ya tisini Kitengela ilikuwa na safu moja ya maduka, matope meusi ya kung'oa viatu, na pundamilia waliopita nyuma ya buchari bila kumwomba mtu ruhusa.

Msimamizi wa banda tulimwita Foreman. Alikuwa mtu wa Mwala, mfupi, mwenye mikono mipana kama sepetu, na sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina lake, mke wake akiwemo. Alinitazama kutoka viatuni hadi shingoni, akasimama hapo shingoni.

"Hiyo ni nini?"

"Tai, Foreman."

"Ya pamba ama ya nailoni?"

Nikakiri kwamba sijui.

"Utajua saa hii," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Cheche moja ikaruka, ikatua kifuani pangu, na tai ikajikunja kama mnyoo uliomwagiwa chumvi. Ilikuwa ya nailoni. Tangu siku hiyo nikaitwa Digrii.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaojifunza wenyewe: wewe uliyenunua mashine ndogo, ukatengeneza banda la kuku, likasimama, ukaanza kujiita fundi. Sikucheki. Mimi pia sikupitia chuo cha ufundi, na shahada yangu haikuwahi kuunganisha vipande viwili vya chuma. Anza na nguo. Vaa pamba nzito au ngozi. Nailoni haiwaki tu, inayeyuka na kushika ngozi. Mguu wa suruali uanguke nje ya buti, kwa sababu cheche ikiingia ndani ya buti utacheza ngoma ambayo kabila lako halina.

Kosa langu la pili lilikuwa kutazama moto. Nilidhani mtu akiangalia kwa upande, kidogo tu, haihesabiki. Asubuhi iliyofuata niliamka na macho yaliyojaa mchanga usioonekana, machozi yakitiririka kama niliyefiwa.

"Digrii analilia tai yake," Foreman akawatangazia wenzangu, kisha akaniletea vipande vya kiazi kibichi nivibandike machoni. Nilivibandika. Kiazi kinapoza, sitakataa, lakini kilichoniponya ni kukaa gizani mpaka macho yakatulia. Miwani ya jua si kinga. Iwe ya bei gani, iwe nyeusi namna gani, ni pambo. Vaa kinyago chenye kioo cheusi cha kazi hii, na kabla hujagusa chuma piga kelele "Macho!" ili aliye karibu ageuke. Banda zima tulifanya hivyo, na hata mama aliyetuuzia githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, alijifunza kugeuka na sufuria yake bila kumwaga hata punje.

Foreman hakuwa na somo refu. Alinipa rodi, ule ufito wa chuma uliovikwa unga mgumu, ambao huyeyuka na kuwa mshono, akasimama nyuma yangu akiwa amefumba macho.

"Sikiliza," alisema. "Inakaanga ama inapiga chafya?"

Hilo ndilo swali bora zaidi nililowahi kuulizwa na mwalimu yeyote, na nilifundishwa na maprofesa. Moto uliokaa vizuri hutoa mlio mmoja usiokatika, kama nyama kwenye mafuta. Ukisikia chafya, kuna mambo machache ya kutazama. Huenda umeiinua rodi mbali mno. Umbali wake na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe. Huenda rodi imelala mahali penye unyevu, na rodi yenye unyevu hutema mate. Zetu tulizianika kando ya jiko la githeri, tukaambulia rodi kavu na githeri yenye ladha ya duka la vyuma. Au waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, umebanwa juu ya kutu au rangi. Kwangura mpaka chuma king'ae, ubane hapo, karibu na kazi. Wengi wenu mnaonunua mashine kubwa zaidi mlihitaji tu kukwangura.

Juu ya maziwa, Foreman nami hatukuwahi kukubaliana. Kila tulipochomelea bomba la maji, lile lililopakwa zinki lisishike kutu, yeye alikunywa maziwa kwanza, eti yanaosha kifua. Nilikuwa nimesoma dini vya kutosha kuitambua imani ninapoiona. Nikamwambia moshi unaingia kwenye mapafu na maziwa yanaingia tumboni, na hivyo viwili havitembeleani.

"Na mbona wewe unakunywa?" akauliza.

"Kwa sababu unanunua wewe, Foreman."

Tulichokubaliana ni hiki: iondoe ile zinki kwa grenda, ile mashine ya mkono ya kusaga chuma, pande zote za kiungo kabla ya kuwasha, fanyia kazi nje, na upepo ukupige ubavuni ili moshi usipite usoni. Jioni ukihisi baridi na homa baada ya kazi ya bomba, usinywe maziwa, nenda kwa daktari. Na usichomelee pipa lililowahi kubeba petroli, hata kama lilioshwa na mama mkwe wako.

Lakini kazi iliyotulisha ilikuwa mageti. Watu walikuwa wakinunua ploti kila upande, na Mkenya akishanunua ploti hujenga geti kabla ya nyumba. Sharti la Foreman kwa geti lilikuwa moja. Ukimaliza kuchomelea, unapiga grenda mshono mpaka ulingane na chuma, unapaka fila, ule udongo wa kujazia mabodi ya magari yaliyogongwa, unapiga msasa, kisha rangi. Halafu yeye anakuja, anapitisha kidole polepole juu ya kiungo, macho akiwa ameyainua kama anayeomba.

"Kidole kisijue," alikuwa akisema. Kidole kikijua mahali pa mshono, unarudia.

Nilijifunza hivyo, na nilijivunia. Mageti ya Kitengela yalikuwa kama yaliyozaliwa, si yaliyounganishwa. Nilihitaji miaka kadhaa na mwajiri mwingine kuelewa kwa nini sharti hilo lilifaa pale na kwa nini lisingefaa kila mahali. Geti halibebi kitu. Linabeba majivuno ya mwenye nyumba, ambayo ni mazito lakini hayakati chuma.

Mwajiri huyo mwingine alikuwa Meneja wa ranchi moja upande wa Kisaju. Nilihamia kwake miaka ya tisini ikiisha, nikiwa na kinyago changu mwenyewe na bila tai. Meneja alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kofia pana, na siku ya kwanza alinipa kazi ya kuunganisha trela la kubebea nyasi. Nikaunganisha, nikapiga grenda, nikapaka fila. Nikamwita apitishe kidole.

Hakupitisha kidole. Alichukua nyundo.

"Mshono uko wapi?" akauliza.

"Hauonekani, Meneja. Ndiyo ufundi wenyewe."

"Mimi nataka kuuona. Mshono uliojificha una siri." Akagonga mara mbili, na kona ya trela ikaachana na mwenzake kama watu waliotoka kanisa moja kwenda njia tofauti.

Kwa Meneja ndipo nilipojifunza kuchomelea vitu vinavyobeba. Chuma kinene ukikiunganisha ncha kwa ncha bila kukinoa, moto hauingii ndani. Mshono unakaa juu juu kama siagi kwenye mkate baridi. Ni lazima unoe kingo zote mbili zitengeneze umbo la V, uache mwanya mdogo chini, ujaze kuanzia chini kwenda juu, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka ubomoe gamba lake, ule uchafu mgumu mweusi unaoufunika mshono, kabla hujaweka jingine. Halafu uuache. Ule mgongo unaobaki juu ya chuma ndio nguvu yako. Meneja pia alinizoesha kuvunja. Kabla ya kazi kubwa, unganisha vipande viwili vya taka kwa mkono uleule na rodi zilezile, uvivunje kwa nyundo, utazame ndani. Ni afadhali uaibishwe na kipande cha taka.

Sasa niwaeleze juu ya mnara wa Mashuuru, kwa sababu yote niliyojifunza kwa wakubwa hawa wawili yaligongana pale.

Ulikuwa mwaka wa ukame, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Kina mama wa kijiji kimoja nje ya Mashuuru walikuwa wamechimbiwa kisima kirefu. Kabla ya hapo walishuka kila siku kwenye mto uliokauka, wakachimba mchanga kwa vikombe, wakangoja maji yajikusanye. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Mwenyekiti, mwenye sauti ya chini iliyowanyamazisha wanaume. Alimwomba Meneja jenereta ya kuendeshea pampu siku ya kufungua kisima. Meneja akanituma nayo kwa pikapu, siku moja kabla.

"Takwenya," nikamsalimu Kimaasai.

"Iko," akajibu. "Karibu, fundi. Kuja uone mnara wetu. Umejengwa na kijana wetu wa hapa."

Kijana wao alikuwa mtu mzima wa rika langu, baba wa watoto wawili, jina lake Saningo. Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi Kitengela, akilinda yadi ya mbao mkabala na mabanda ya vyuma. Kila asubuhi, zamu ikiisha, badala ya kwenda kulala alisimama kutazama mafundi. Hakuna aliyemfundisha. Aliuza madume yake mawili, akanunua mashine, akarudi nyumbani. Mnara ule ulikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, na kijiji kizima kilikuwa kimeahidiwa kwamba kesho tangi litajazwa na ng'ombe watakunywa.

Ulikuwa mnara mzuri. Miguu minne ya anglaini nene, chuma kile cha umbo la herufi L, imepakwa rangi ya fedha, na juu yake tangi jeusi la plastiki likingoja maji. Chuma cha dukani hakikutosha urefu aliotaka, kwa hiyo kila mguu alikuwa ameuunganisha katikati. Nilijua hivyo kwa kukisia tu, kwa kuwa viungo havikuonekana. Kwa mazoea nikapitisha kidole kwenye mguu mmoja.

Kidole hakikujua.

Nakiri nilifurahi kwanza. Nilisikia kama nimekutana na mtu wa nyumbani. Kisha nikainua macho, nikaona lile tangi, na furaha ikaisha.

"Umepiga grenda vyote?" nikamwuliza Saningo.

"Vyote. Kama Kitengela kabisa." Akapapasa mguu wa mnara. "Hata nzi akitembea hapa hawezi jikwaa."

"Na kabla ya kuunganisha, ulinoa kingo?"

"Kunoa za nini? Nilikata na msumeno, nikashikanisha, nikajaza juu, nikasawazisha."

Mama Mwenyekiti alikuwa akinitazama mimi, si mnara. "Fundi, mbona uso umegeuka? Umeona nyoka?"

Nilitamani kusema hapana. Nilikuwa mgeni, nimeletwa na jenereta, hakuna aliyeniomba maoni. Lakini chini ya tangi lile palikuwa na bomba la kuchotea maji, na watoto wa kijiji walikuwa tayari wanacheza hapo kwa kulizoea.

"Mama," nikasema, "tangi hilo likijaa ni kama ng'ombe thelathini wamepanda hapo juu na kusimama. Sidhani miguu itawabeba."

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo akauliza, "Ng'ombe thelathini wa nani? Kama ni wangu, wamekonda. Fanya arobaini."

Watu wakacheka, Saningo hakucheka. Alinijia karibu, akashusha sauti.

"Sema tu unataka kazi. Watu wa Kitengela mko hivyo. Nilikaa pale getini nikiwaangalia miaka, hakuna hata mmoja alinionyesha kushika rodi. Sasa nimejenga, ndio unakuja na mdomo. Ukiniharibia jina mbele ya hawa wazee, mimi niko na nini tena? Nirudi kuchunga, na ng'ombe nimeuza."

Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Mabanda yetu hayakuwahi kumfundisha mlinzi. Alichukua alichoweza kukiona kutoka ng'ambo ya barabara, na kilichoonekana kutoka ng'ambo ya barabara ni grenda ikirusha cheche na geti likitoka laini. Kwamba geti halibebi kitu, hilo halionekani kwa macho.

"Mimi naweza kuwa nimekosea," nikamwambia. "Tusiulizane mimi na wewe. Tuulize chuma. Una kipande chochote ulichounganisha kwa ajili ya mnara huu, kikabaki?"

Aliutazama mnara wake. Kisha akaenda nyuma ya kibanda chake, akarudi na kipande cha mguu alichokuwa amekiunganisha na kukiacha baada ya kupima vibaya. Kilikuwa laini, kizuri. Tukakilaza juu ya mawe mawili. Nikampa nyundo yeye.

"Piga wewe," nikasema. "Kisipovunjika, nitawaomba radhi nyote na nitanyamaza mpaka Kisaju."

Akapiga. Kipande kikaruka, kikatulia mahali pake, na nikaanza kutayarisha radhi yangu. Akapiga tena kwa hasira, na kikavunjika palepale kwenye kiungo.

Saningo aliokota nusu moja, nami nikaokota nyingine. Ndani ya mahali palipovunjika alama za meno ya msumeno zilikuwepo bado, safi, mstari kwa mstari, kama siku alipokata. Moto haukuwahi kufika hapo. Kilichokuwa kimeshika ni uzi mwembamba wa mshono ulioachwa na grenda, na juu yake fila na rangi.

Yule mzee wa fimbo akanyoosha mkono, akapewa kipande, akakisogeza karibu na jicho lake moja lililo zima.

"Hawa hawakuoana," akatamka mwishowe. "Walikuwa wanakaa tu pamoja."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa hata mbwa wakaamka, na safari hii Saningo naye kilimshinda. Alicheka huku ameshika kichwa, na alipomaliza akamgeukia Mama Mwenyekiti.

"Yeyo, nitarudia. Miguu yote."

Mjumbe mmoja wa kamati akasema kwamba kwa kuwa fundi wa Kitengela yuko, afadhali arudie yeye, mambo yaishe. Niliona mabega ya Saningo yakishuka.

"Mimi naondoka," nikasema. "Ufa ukitokea mwaka ujao, mtanitafuta Kisaju? Mwenye mnara ni lazima awe mtu mnayeweza kumwamsha. Atachomelea yeye. Mimi nitashika waya."

Mama Mwenyekiti aliuliza swali moja tu. "Na ng'ombe? Tumeambia watu kesho."

Hapo ndipo nilipofaidi kuwa mtu wa jenereta. Pampu haikuhitaji mnara kutoa maji; mnara ni wa kuyaweka. Kesho tungeyamwaga moja kwa moja kwenye birika la kunyweshea mifugo, na kina mama wajaze mitungi kwenye mpira wa maji. Tangi lingengoja. Mama Mwenyekiti akalifikiria hilo, akaitikia kwa kichwa, na kikao kikaisha. Nimehudhuria vikao vya maprofesa vilivyoamua mambo madogo zaidi kwa muda mrefu zaidi.

Nilimtumia Meneja ujumbe kwa dereva wa lori kwamba nimekwama. Jibu lake lilirudi na dereva yuleyule: "Mwambie akae. Na uonekane, huo mshono."

Kesho yake ng'ombe walikunywa. Walikuja kwa makundi, mbavu nje, na walipoinusa harufu ya maji wakaanza kukimbia, na vumbi lao lilifika kabla yao. Tuliwatazama dakika chache, kisha tukarudi kwenye kazi. Tuliliondoa tangi, tukaushusha mnara kwa kamba ukalala ubavu, maana ni rahisi zaidi kuchomelea kitu kilicholala kuliko wewe kuning'inia juu yake. Kila unapoweza kuigeuza kazi, igeuze. Saningo akavikata viungo vyote, akanoa kingo, akaacha mwanya. Nikamwonyesha kushika kwanza kwa matone madogo huku na huku kabla ya kujaza, kwa kuwa chuma kikipoa huvuta, na mguu ulionyooka asubuhi hupinda jioni. Tabaka la kwanza lilipiga chafya.

"Sikiliza," nikamwambia, nikajisikia nikiwa na sauti ya mtu wa Mwala. "Inakaanga ama inapiga chafya?"

Akasimama, akakwangura mahali pa arthi, akaanza upya, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa upande wa pili wa ukuta. Ikakaanga. Nyuma ya kinyago nilisikia akicheka peke yake.

Juu ya kila kiungo tukaongeza kiraka cha chuma kwa nje, kimechomelewa pande zote. Na tabaka la mwisho lilipopoa, likabaki na mgongo wake na mawimbi yake, niliona mkono wa Saningo ukitafuta.

"Kidogo tu," akasema. "Nisawazishe pale pembeni. Watu wataona."

"Waone."

"Ni mbaya, bwana. Ni kama kovu."

Mama Mwenyekiti, aliyekuwa karibu, aliinuka, akaichukua ile grenda, akaifunika kwa shuka yake, akaikalia. Aliikalia mpaka rangi ikapakwa.

Mnara uliposimamishwa tena na tangi kujazwa, Saningo alikwenda kusimama kando ya mnara, mkono wake juu ya mguu mmoja, na hakuna aliyemwambia aende wala atoke. Mimi nilisikiliza. Chuma kinapopokea uzito hulalamika kidogo, kisha kinanyamaza kama kinakubali. Mnara ulilalamika. Ulinyamaza. Maji yakafika juu na kuanza kumwagika pembeni, na bado watu walisimama mbali.

Ndipo mzee wa fimbo alipomleta fahali wake. Hakuwa amekonda kama alivyodai.

"Huyu ameangusha choo cha shule," akatueleza kwa fahari. "Anapenda kujikuna."

Hilo hata Meneja hakuwahi kunifundisha. Nilikuwa nimepiga hesabu ya maji, nimepiga hesabu ya upepo, lakini sikumfikiria ng'ombe anayewashwa. Fahali alikunywa akashiba, akatembea moja kwa moja hadi kwenye mguu aliokuwa ameshika Saningo, kana kwamba ameelekezwa. Saningo akasogea. Fahali akaegemeza bega palepale kwenye mshono, akaanza kujikuna, mbele na nyuma, macho yakilegea. Maji yakatikisika ndani ya tangi. Mimi, niliyesoma dini miaka mitatu bila kushawishika, nilisali.

Alijikuna mpaka akachoka. Mnara haukusogea. Mzee akaugonga kwa fimbo yake, akasema, "Hawa wameoana," na kina mama wakaja na mitungi.

Nilifanya kazi ranchi miaka kadhaa zaidi, kisha nikafungua banda langu Kitengela, ambayo wakati huo ilikuwa imeota magorofa na kuwafukuza pundamilia. Mlinzi wa yadi ya jirani tulimkaribisha avuke barabara, ashike rodi, aulize. Miaka ya elfu mbili ilipokuwa inaishia, macho yangu na kiuno changu viliandika barua ya kujiuzulu kwa pamoja, nami nikastaafu. Mtu wa jua kali hapewi saa ya ukutani wala hotuba. Nilizima mashine, nikauza grenda, nikaanza kuandika, kazi ambayo watu huuliza kama nayo pia inahitaji kinyago.

Mkiniuliza ninyi mnaojifunza wenyewe jambo moja la kuweka kichwani, sitawaambia rodi gani wala moto kiasi gani. Jiulizeni kwanza: hiki ninachotengeneza kitabeba nini, na nani atasimama chini yake? Kama ni geti, lifanye laini, ujivune. Kama kinabeba, acha mshono uonekane, na uvunje kimoja kabla hakijajivunja chenyewe. Mengine mtayasikia kwenye mlio. Wala msiogope kwamba hamkwenda chuo. Nimewaona wengi waliojifunza kwa macho tu wakawa mafundi kamili, ilimradi walipata mtu mmoja wa kuwaambia kile ambacho macho hayawezi kuona.

Kabla sijauza vyombo vyangu nilipita Mashuuru. Saningo sasa ana banda lake pale sokoni, na mnara wa tatu alioujenga unatumika kijiji cha pili. Alinipeleka kuuona ule wa kwanza. Rangi ya fedha bado ipo, isipokuwa kwenye mguu mmoja, usawa wa bega la fahali, ambapo ng'ombe wa miaka yote hiyo wamejikuna mpaka rangi ikaisha na chuma kikang'aa kama kijiko.

"Unaona?" akasema. "Nyinyi mlininyima grenda. Ng'ombe wamenipigia."

Nikapitisha kidole hapo, polepole, macho nimeyainua kama Foreman. Palikuwa laini, vuguvugu kwa jua, lakini mgongo wa mshono ulikuwepo bado, wimbi kwa wimbi.

Kidole kilijua.